Siku Nilipokuwa Mzimu Kando ya Turkwel

Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine: yule mzimu aliyetoa titi kwenye televisheni, Kakuma nzima ikitazama, ni mimi. Chekeni, mkimaliza nitaendelea.

Watu wa televisheni walikuja Lodwar kupiga picha za tamthilia yao, ile ya waandishi wawili wa habari wanaofukua maovu na kila wakichimba wanakutana na wafu, na safari hii walitaka mwanamke wa kuwa mzimu wa mjane aliyeuawa na kuzikwa kimyakimya kando ya mto Turkwel. Kazi yenyewe ni kusimama nyuma ya mwandishi bila neno, bila kupepesa macho (kwa jua letu hili, jaribuni). Niliitaka sana, kwa sababu mama yangu anauza chai Kakuma na ana televisheni hotelini mwake, nami nilitaka aniangalie mle ndani hata mara moja. Dairekta akauliza nani ana mtoto anayenyonya. Walioinua mkono wakarudishwa nyumbani. Mimi sikuinua.

Akiru wangu alikuwa na miezi mitano. Nikamwachia wifi yangu chini ya mti wa mkoma, nikapakwa majivu, nikavishwa shuka jeupe, nikasimama, na nilisimama vizuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya; mwandishi aligeuka akaniona akaogopa kweli.

Kisha Akiru akalia. Titi halijui kuigiza. Maziwa yakashuka yenyewe, maduara mawili kwenye shuka, nami macho mbele, najiambia watadhani ni jasho. Ingepita, lakini nyanya mmoja alikuwa anapeleka mbuzi mtoni, na kwetu mtu hampiti mtoto anayelia. Akamchukua Akiru kwa wifi bila kuuliza, akapita mbele ya kamera, akawapita waandishi wote wawili, mbuzi nyuma yake, akaniwekea mtoto mikononi.

"Nyonyesha."

"Nyanya, niko kazini," nikanong'ona.

"Kazi gani, na umesimama tu? Hata kama umekufa, mtoto ana njaa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Dairekta akaja amevimba. "Mzimu hanyonyeshi, dada. Ulidanganya. Vua hilo shuka uende."

Wale wanawake waliorudishwa hawakuwa wameenda nyumbani, walikuwa pale pale wakitazama, na mimi na majivu yangu usoni. Hasira ikanipanda.

"Sikudanganya, nilinyamaza," nikamwambia (najua ni kitu kimoja, niacheni). "Huyo mjane wenu hakuwa na mtoto? Nani alimnyonyesha mama yake alipouawa? Hamkuuliza, na mnajiita wachunguzi. Piga hivi hivi, ama tafuta mzimu mwingine wa kuchomwa na hili jua."

Nikafungua shuka nikanyonyesha, macho yangu kwenye kamera, bila kupepesa. Mpiga picha hakungoja kuambiwa. Dairekta naye akarudi nyuma ya kamera yake.

Kipindi kilipotoka nilienda Kakuma kukitazama kwa mama, nikiwa na hakika kwamba titi wamelikata. Hawakulikata. Hoteli ilikuwa imejaa, Wakongo na Wasudan Kusini wa kambi ya wakimbizi, mchungaji wetu mbele kabisa, na baba mkwe wangu, ambaye aliinuka akatoka na kikombe chake.

Mama Furaha, jirani wa mama kutoka Kongo, akanigeukia. "Mama Akiru, ule muzimu njo wewe? Kumbe hata ukikufa maziwa haiishe."

Hoteli ikaangua kicheko. Nikainamisha kichwa, nikamsikia mama akitua birika.

"Nyamazeni," akasema. "Mnanizibia nisimwone mtoto wangu."

Wakanyamaza, hata mchungaji. Mama akavuta kiti karibu na kioo cha televisheni akakaa, chai za watu zikapoa, hakuna aliyethubutu kudai.

Kwa hivyo naapa: Akiru simfichi tena, kwa kazi yoyote. Wakirudi kutafuta mzimu, mkono wangu utakuwa wa kwanza kuinuka, na mtoto juu ya mwingine. Na baba mkwe, ambaye mpaka leo anaisalimia miguu yangu tu, atazoea.