Vioo Vitatu vya Tauno Kyllönen

Tauno Kyllönen alitoa kiberiti cha gesi mfukoni, akakiwasha, akakisogeza karibu na dirisha alilokuwa amemaliza kulifunga.

"Mama Hilja, njoo uhesabu," alisema. "Unaona miali mingapi kiooni?"

Hilja Moilanen, bibi wa miaka themanini na minne, alivaa miwani yake, akainama. "Mitatu. Ngoja. Sita. Imesimama miwili miwili."

"Ndiyo vioo vitatu hivyo. Kila kioo kinakupa miwili, wa mbele na wa nyuma. Sasa tazama rangi. Wa pili na wa tano imekataa kufanana na mingine."

"Imeiva kidogo. Kama shaba."

"Hapo pamepakwa madini, membamba hata jicho haliyaoni. Joto la jiko lako likifika pale linarudishwa ndani. Na katikati ya vioo hamna hewa, kuna gesi nzito, mvivu kweli. Baridi ikitaka kuingia lazima impite huyo mvivu mara mbili."

"Mimi nimeolewa na mmoja wa namna hiyo miaka arobaini," Hilja alisema. "Hata habari zilikuwa hazipiti."

Tauno alicheka, akakusanya vyombo vyake. Ilikuwa Novemba, na theluji ya kwanza ilikuwa imekwisha kukaa. Hilja alimmiminia kahawa, akamwekea vipande vya jibini kikombeni, kama ilivyo desturi ya Kuhmo, mashariki ya Ufini, kisha akavuta kiti chake cha kutikisika mpaka dirishani. Hapo palikuwa hapakaliki tangu nyumba ijengwe.

"Na kwako umeweka haya haya?" aliuliza.

"Kwangu kuzuri."

Hilja aliona kwamba swali halikujibiwa. Lakini watu wa kule hawachimbi. Alimsogezea jibini nyingine.

Mganga hajigangi. Kwa miaka thelathini na mmoja Tauno alikuwa amefunga madirisha ya vioo vitatu Kuhmo nzima na vijiji vyake. Alifunga shuleni, alifunga kwenye nyumba za wazee, alifunga hata kwenye nyumba za watu aliogombana nao ujanani. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka mjini, kando ya ziwa. Ni nyumba ya mbao aliyoijenga baba yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ilikuwa na madirisha tisa, yote ya zamani: kioo kimoja nje, kimoja ndani, na katikati hewa tupu ya upana wa kiganja.

Madirisha ya namna hiyo yana kazi yake. Kila vuli, kabla ya theluji, fremu ya ndani hufungwa, na pembezoni hugandishwa vipande virefu vya karatasi ili upepo usipenye. Katikati ya vioo huwekwa majani meupe laini ya msituni, yale wanayokula reindia, wanyama kama swala wa nchi za theluji, ili yanyonye unyevu. Mwezi wa Mei karatasi hubanduliwa na dirisha likafunguliwa. Kwa Tauno, karatasi zilikuwa hazijabanduliwa kwa miaka sita.

Zilibandikwa na mkewe, Helka. Kila mwaka Helka alikuwa akimwambia mumewe, "Tauno, na sisi tubadilishe." Na kila mwaka Tauno alisema mwaka ujao, maana kazi za watu zilikuwa zimejaa, na mtu akishinda na madirisha mchana kutwa hataki kuyaona tena jioni. Vuli ile ya mwisho Tauno alikuwa safarini, basi Helka akayaziba yote tisa peke yake. Katikati ya vioo aliweka majani meupe, na juu yake akapanga vishada vya matunda mekundu ya porini, kwa urembo tu. Februari mshipa ulipasuka kichwani mwake, akaanguka jikoni, asiinuke tena. Tauno alikuwa Kajaani, mwendo wa zaidi ya saa moja, anafunga madirisha kwenye jengo la ghorofa.

Tangu hapo hakuyagusa. Chumba cha kulala alikifunga, akahamia jikoni, akawa analala kwenye benchi karibu na jiko la kuni. Wakati wa baridi kali sebule ilikuwa na nyuzi joto kumi na mbili, siku nyingine kumi. Alivaa sweta mbili na soksi za sufu. Alikula mkate mweusi na visamaki vya ziwani vya kukaanga akiwa amesimama mbele ya jiko. Ungemuuliza angekwambia amezoea.

Januari binti yake, Saila, alikuja kutoka Tampere na mtoto wake wa miezi saba, Aava. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kufika kwa babu. Tauno alichoma kuni siku mbili mfululizo kabla hawajafika. Sebule ikapanda mpaka nyuzi kumi na saba, akajisifu moyoni. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

Asubuhi ya pili Saila alitandika blanketi sakafuni chini ya dirisha, penye mwanga, akamlaza mtoto ili ajigeuzegeuze. Tauno alikuwa mlangoni amebeba kuni. Aliona pale mtoto alipolazwa, akataka kusema, akachelewa.

Alijua vizuri kuliko mtu yeyote. Hewa ya chumba ikigusa kioo cha baridi inapoa, inakuwa nzito, inateremka ukutani kama maji na kutambaa sakafuni. Hata pengo likizibwa lote, baridi ile inamwagika tu kutoka kwenye kioo chenyewe. Maneno hayo alikuwa amewaambia wateja mamia kwa mamia.

"Baba," Saila aliita. "Shika mkono wake."

Tauno aliweka kuni chini, akashika. Ulikuwa mdogo na wa baridi kama kijiko.

"Nitaongeza moto," alisema.

"Umeongeza tangu juzi. Moto wote unapotelea madirishani, baba. Si wewe ndiye uliyenifundisha?" Alimnyanyua mtoto, akamfungia ndani ya koti lake. "Nusu ya Kuhmo wanalala kwenye joto lako. Sisi tumelala na kofia."

"Ni siku hizi mbili tatu tu. Baridi itapungua."

"Tunakwenda kwa mama mkwe, Kajaani."

"Si mlisema siku tano?"

"Ana miezi saba, baba."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu. Tauno aliwabebea mabegi mpaka kwenye gari, akakwangua barafu kwenye kioo cha mbele, akakwangua na cha nyuma, akawa anatafuta kingine cha kukwangua. Saila alimkumbatia haraka. "Jiangalie, baba," alisema, akaondoka.

Wiki ile ile Tauno alipima madirisha yake. Maelfu ya madirisha yalikuwa yamepita mikononi mwake, lakini haya tisa alirudia kila moja mara tatu, kwa sababu namba zilikuwa zikimtoka kichwani kabla hajaziandika. Akaagiza mapya, na kiwanda kikamwambia asubiri wiki kumi.

Yalifika mwanzoni mwa Aprili, theluji bado ikifika magotini. Dirisha la sebuleni peke yake lilikuwa na uzito wa mtu mzima na nusu, na mtu mmoja hawezi kulinyanyua, hata awe fundi namna gani. Basi akampigia simu Urho Juntunen, aliyefanya kazi pamoja naye miaka mingi kabla Urho hajastaafu.

"Kumbe u hai!" Urho alisema aliposhuka kwenye gari. "Nilidhani nitaitwa mazishini kwako kabla ya kuitwa kazini."

"Mazishini ungekuja na mikono mitupu. Leta mtaimbo."

"Unaona? Miaka sita hatujaonana, na salamu yenyewe ndiyo hiyo."

Waliingia sebuleni. Tauno alichukua kisu, akakiweka juu ya karatasi pembeni mwa dirisha, kisha akasimama. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi kama chai. Kwenye kila kona Helka alikuwa ameikunja kidogo, pembetatu safi, ili isiachie. Mafundi hawafanyi hivyo. Ni upotezaji wa muda.

"Nikate mimi?" Urho aliuliza.

"Hapana."

Lakini kisu kilibaki pale pale juu ya karatasi.

"Basi kata, ndugu yangu. Mgongo wangu si wa kusimama hivi."

Akakata. Fremu ya ndani ililia, ikafunguka. Majani meupe yalikuwa yamelala vile vile, na matunda yamekuwa meusi na madogo kama pilipili manga. Tauno aliingiza mikono yote miwili, akajaribu kuyanyanyua kama yalivyo. Yalikuwa makavu mno. Yalivunjika vidoleni, na yaliyobaki yakawa unga. Urho alikuwa amekwisha fungua kioo cha nje, upepo wa ziwani ukaingia, ukayapeperusha mengine sakafuni na mengine juu ya theluji.

Tauno alisimama ameshika konzi ya vumbi. Urho akageuka kutafuta nyundo, ingawa nyundo ilikuwa mkononi mwake, akaitafuta kwa muda mrefu.

"Alitaka mapya," Tauno alisema mwishowe. "Aliniomba, si mara moja."

"Wanawake wetu wote walituomba kitu," Urho alisema. "Wangu alitaka kwenda Ureno. Shika upande huo, tutoe fremu."

Walifanya kazi siku mbili. Tauno alisimamisha kila dirisha kwa kabari na pimamaji, na nafasi kati ya fremu na ukuta akaijaza nyuzi za kitani, akizisukuma taratibu kwa ubao mwembamba. Kioo kiwe bora namna gani, pengo la kidole pembeni litakula faida yote. Urho alimwambia anachelewesha. Tauno alisema hii si nyumba ya mteja. Saa ya kahawa walikaa kwenye ngazi wakitazama ziwa, na Urho hakumhimiza tena.

Urho alipoondoka, Tauno aliwasha jiko mara moja tu, jioni. Asubuhi aliamka ametokwa na jasho chini ya mablanketi yake matatu. Kipimo cha sebuleni kilionyesha nyuzi ishirini na moja. Moto ulikuwa umezimika tangu saa nyingi na joto halikuwa limekwenda popote.

Alikaa kwenye benchi lake akisikiliza. Hakusikia kitu. Madirisha ya zamani yalikuwa na maneno mengi: yalipiga mluzi, yalitetemeka lori la magogo lilipopita barabarani, yalileta ngurumo ya barafu ikipasuka ziwani. Sasa lori lilipita na aliona taa zake tu. Alifikiri masikio yake yamekufa, akagonga kijiko mezani kuhakikisha. Hapo ndipo alipotambua jinsi nyumba ilivyokuwa tupu. Baridi ilikuwa imemshughulisha miaka sita: kupasua kuni, kubeba kuni, kuvaa, kuvua, kukimbia kutoka chumba hadi jiko. Sasa haikuwa na kazi ya kumpa.

Akafungua chumba cha kulala. Akatoa nguo za Helka kabatini, akazipeleka mjini kwa watu wa msaada, isipokuwa sweta moja. Akalala kwenye kitanda chao, upande wake.

Vuli ilipofika, asubuhi nyingine vioo vilifunikwa na ukungu kwa nje. Wateja wengi humpigia simu fundi wakilalamika juu ya hilo, naye huwaambia wafurahi. Kioo cha nje kimebaki baridi kwa sababu joto la ndani haliwafikii majirani. Yeye alikaa na kahawa yake akisubiri ukungu uondoke ili aone ziwa. Kulikuwa hakuna wa kumweleza.

Novemba Saila alikuja tena, siku tano kamili. Aava alikuwa anatembea kwa kuyumba. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akabaki hapo akitazama theluji, miguu mitupu sakafuni. Hakuna aliyemwondoa.

Siku ya nne, mtoto akiwa usingizini, Tauno alisema bila kumtazama binti yake, "Mama yako aliniomba madirisha haya miaka saba."

"Najua."

"Unajua?"

"Alikuwa ananipigia simu, baba."

Tauno alizungusha kikombe chake mezani. "Alikuwa anasema nini?"

Saila alifikiri. Angeweza kumpunguzia. "Alikuwa anasema anasikia baridi," alisema. "Hakukusema vibaya. Alisema anasikia baridi, basi."

Tauno aliitikia kwa kichwa. Saila alinyoosha mkono, akauweka juu ya mkono wa baba yake, ukakaa hapo mpaka mtoto alipoamka.

Kesho yake waliondoka. Tauno alikwangua vioo vya gari, akarudi ndani, akakuta joto lile lile waliloliacha, nyuzi ishirini na moja. Alikusanya vikombe, akaviosha. Jumamosi alikwenda kwa Urho, wakaoga mvuke wa moto saunani, wakabishana juu ya uvuvi wa kwenye barafu, akarudi kwa gari taratibu kwenye theluji. Ikawa desturi. Siku nyingine za wiki ni kazi, na baada ya kazi ni nyumba. Jumapili Saila hupiga simu, wakaongea dakika kumi, kumi na tano. Simu ikikatika Tauno huzima taa ya jikoni, akakaa sebuleni kwenye kiti alichokisogeza karibu na dirisha. Havai sweta tena ndani. Hukaa hapo na shati lake, akitazama theluji ikianguka bila sauti, mpaka usingizi umjie.