Vitabu Tulivyochoma Koboko

Vita vilipokaribia Koboko mwaka wa sabini na tisa, mganga wetu mkuu aliondoka na gari la wagonjwa. Wagonjwa aliwaacha. Mpaka leo sijamsamehe, na sina mpango.

Zahanatini tulibaki wawili, mimi muuguzi na mzee mfagizi, pamoja na foleni ya watu waliotoka Arua kwa miguu wakielekea Sudan au Kongo. Kila mama alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na kitabu chake cha matibabu ndani ya kitenge. Kitabu chenyewe ni daftari la shule tu. Kwetu zahanati haikutunza faili. Mgonjwa alijitunzia mwenyewe, tukamwandikia humo kila ugonjwa na kila dawa. Wake za askari walitibiwa kwa haki ya waume zao, kwa hiyo juu ya jalada tuliandika namba ya jeshi ya mume. Mwandiko mwingi ulikuwa wangu.

Habari zikaja kwamba askari wa adui wanaokuja kutoka kusini wanapekua mizigo, na akikutwa mtu na karatasi ya jeshi la serikali, kwisha habari yake. Kweli au uzushi, sikuwa na wa kumwuliza. Nikasimama barazani nikawaambia akina mama wachome vitabu vyote, siku ileile. Walinitii upesi kuliko nilivyowahi kutiiwa niliposema wachemshe maji. Moshi ulitanda uani, nami nikajiona nina akili kuliko yule aliyekimbia.

Siku ya tatu mama mmoja wa Kinubi alimleta mke wa mwanawe juu ya baiskeli, akiisukuma. Mwanamke yule alikuwa amejifungua njiani, tumbo la uzazi likaingia uchafu, na homa ilimfanya asijue yuko wapi. Mtoto, wa kike, alikuwa mzima mgongoni kwa bibi yake. Kabatini nilikuwa na penisilini ya sindano na vidonge vichache vya salfa, dawa dhaifu zaidi. Wapo watu ambao penisilini huwaua. Si wengi, lakini wapo, na kila niliyemgundua nilimwandikia onyo kwa wino mwekundu kitabuni mwake.

Nikamwuliza mama kama mkwewe amewahi kudhurika na sindano. Hakujua, mwanawe alikuwa ameoa mwaka uliopita tu. Nikauliza kitabu kiko wapi. Akaniangalia kwa mshangao, kumbe naye alikuwa uani siku ya moto.

“Sista, wewe nasema choma yote. Sisi nachoma.”

Ningeweza kumjaribu kwanza kwa tone dogo chini ya ngozi, nikasubiri. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini foleni ilikuwa imefika barabarani na mgonjwa alikuwa akiisha mbele ya macho yangu, nikamchoma dozi nzima. Midomo ikavimba, pumzi ikakatika. Dawa ya kumwokoa ilikuwa imeondoka na lile gari. Nilimkanda kifua mpaka mzee mfagizi akanishika mikono akaniambia basi.

Namba ya mume ilikuwa kwenye jalada peke yake. Tungechana jalada, kurasa zingebaki. Jambo la kitoto hivyo, na halikunijia kichwani. Nina hasira na mganga, nina hasira na vita, lakini moto ule niliuagiza mimi.

Nilifungua mdomo nimwambie mama ukweli. Nikasema homa ilikuwa imezidi. Akaniamini, maana nilikuwa sista.

Tulimzika siku hiyohiyo nyuma ya zahanati. Asubuhi, kabla ya kuvuka kwenda Kongo, mama alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema wakubwa wote wamekimbia, mimi peke yangu nimebaki na watu, Mungu anilipe.

“Mtoto bado iko bila jina,” akasema. “Mimi nataka jina yako.”

Nikamtajia.