Vyuma vya Mama

Leo mama yangu ameninyamazisha dukani, wacha niwaambie.

Mkono wake uliovunjika umepona, na daktari anataka aufanyishe mazoezi nyumbani. Basi tukatoka Siakago hadi Embu mjini kununua vyuma vya mazoezi.

Nikamchagulia vya kilo moja. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye vya kilo saba.

"Shosho, bibi yangu, hivyo ni vizito," muuzaji akasema.

Mama akainua kimoja. Hakikufika hata kiunoni, akakirudisha polepole.

"Kwani mtoto wako ana kilo ngapi?" akaniuliza.

Mtoto wangu ana kilo saba. Tangu avunjike mkono, hatujamruhusu kumbeba mjukuu wake.

Tumenunua vya kilo moja. Lakini tulipofika nyumbani nilimketisha kwenye kochi, nikamwekea mtoto mapajani.

Nyinyi mngefanyaje?

Mpaka saa hii amekataa kumrudisha.