Bunju Baina Yangu na Baba Mkwe

Mume wangu ni dereva wa lori, na kama madereva wengi wa Tunduma, hajui kurudi nyumbani na kitu cha maana. Wenzangu huletewa vitenge. Mimi nililetewa ndoo ya maji yenye samaki mfupi, mnene, mwenye macho ya kujitegemea: moja linakutazama wewe, lingine linatazama mlango. Alipewa na rafiki yake wa Mpulungu, kule Zambia. Akanunua na tangi la kioo, akaliweka kwenye ule uwazi wa ukuta kati ya sebule na jikoni, akaniambia huyu ni bunju, mtunze, kisha akapanda lori kwenda Lubumbashi.

Shangazi yangu aliolewa Tanga, na yote niliyoyajua kuhusu bunju niliyapata kwake: ni samaki wa baharini, ana sumu, ukimchokoza anavimba. Basi nikafanya kama mtu yeyote mwenye akili. Bahari ina chumvi, nami nikatia chumvi. Bunju akageuka rangi, akawa mweusi, akakunja mkia ubavuni na kujilaza kwenye kona kama mgeni aliyenyimwa chai. Nikadhani ana kiburi.

Siku hizohizo baba mkwe akashuka kutoka Ibaba. Mama mkwe alikuwa amefariki, na tangu mazishi mzee alikuwa hasemi. Shemeji zangu walisema anakaa uani kutwa, ukimsalimu anaitikia kwa kichwa, na ukimtajia marehemu anainuka na kuondoka. Waliogopa atamfuata mkewe. Mume wangu akaona aje kwetu abadilishe hewa. Wazo zuri, ila mwenye wazo alikuwa Kongo, na nyumbani tulibaki watu wawili ambao kwa mila hawaruhusiwi kusemezana.

Kwao milimani, mkamwana na baba mkwe huepukana. Humtazami usoni, huketi alipoketi, humpi kitu mkononi. Vijana wengi wameacha, na mimi ni mtu wa Mlowo, tumezoea kupigizana kelele sokoni na yeyote. Lakini mzee aliiheshimu mila yake, nami nilimheshimu mzee. Nikishatenga chakula nagonga mlango wa sebule na kukimbilia jikoni. Akija jikoni kuchota maji, natokea mlango wa nyuma. Nyumba yenyewe ndogo. Kuna siku tulizungukana kama watoto wanaocheza kombolela.

Asubuhi moja nikiwa namenya viazi, nikasikia sauti upande wa pili wa tangi.

"Wewe samaki, nani kakutia chumvi kama mboga?"

Mzee alikuwa amechovya kidole na kuonja maji. Nilifurahi kusikia anasema hata nikasahau kukasirika. Nikainama nyuma ya kioo, nikamwambia bunju amjulishe anayeuliza kwamba yeye ni samaki wa baharini. Kisha mzee akamwambia bunju amjulishe anayemjibia kwamba Mpulungu kuna ziwa, hakuna bahari.

Ilinibidi nichukue simu na kusoma. Kumbe bunju ni ukoo mkubwa. Wako wa baharini, wako wa kwenye midomo ya mito ambako maji yamechanganyika, na wako wa maji baridi wasiojua chumvi ni nini. Nikasimama mbele ya tangi nikilinganisha picha na mwenyewe: mistari ya njano iliyojipindapinda mgongoni, tumbo jeupe, mkia mrefu wenye michirizi. Huyu alikuwa bunju wa Ziwa Tanganyika, na mimi nilikuwa namkolezea. Nikaanza kuyatoa maji kidogokidogo, maana kumbadilishia yote kwa mkupuo kungemuua, na kila maji mapya niliyalaza kwanza kwenye beseni ili dawa ya bomba itoke. Baada ya siku kadhaa mistari ikang'aa. Mkia ukakunjuka.

Na mzee naye akakunjuka. Akawa anavuta kiti karibu na tangi kila asubuhi na kuzungumza. Alimwambia bunju ana tumbo la mnunuzi wa kahawa. Alimuuliza kama analiwa, nami kutoka jikoni nikamkumbusha bunju kwamba ana sumu, anayemtamani aandike wosia kwanza. Alimtuma kwangu kulalamikia maharage mabichi. Nilimtuma kwake kuuliza ni nani anayeacha tope la viatu sebuleni, na bunju, kwa jicho moja, akamtazama mkosaji. Mume wangu alipopiga simu nikamwambia baba yake hajambo, ana rafiki. Hakuniamini mpaka niliposogeza simu kwenye tangi.

Ila samaki anayelelewa na watu wawili wasiosemezana atakula mara mbili. Mimi nilimpa minofu laini ya samaki asubuhi, niliyoichambua mwiba kwa mwiba. Mzee, bila mimi kujua, alimpa nyama ya mchuzi mchana, akiisuuza kwanza kwenye glasi yake ya maji. Kila mmoja alidhani anamheshimu. Bunju hataki heshima hiyo, anataka kitu kigumu cha kuvunja, konokono na magamba, maana meno yake hayaachi kukua. Siku moja nikamwona anakifuata kipande cha samaki, anakigonga kwa mdomo, kinamponyoka. Meno yalikuwa yamejaa mdomo mzima, juu na chini, hata nafasi ya kupitisha punje hakuna. Kesho yake vilevile. Tumbo la mnunuzi wa kahawa likaanza kunywea.

Mzee akaacha tena kusema. Alikaa kwenye kiti chake akitazama kioo, na chakula alikirudisha kama nilivyokitenga. Hapo nikaogopa kwelikweli, na sikumwogopea samaki.

Nilimpigia mume wangu, akanijibu yuko kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, nisubiri arudi. Madereva hudhani kila kitu duniani kinaweza kusubiri foleni. Nikatafuta kwenye simu, nikaona jinsi watu wanavyowakata bunju meno: unamlewesha kwa tone la mafuta ya karafuu ndani ya beseni, mmoja anamshika kwa kitambaa kilichoroa, mwingine anakata ncha kwa kikata kucha. Humtoi majini, akimeza hewa utamtesa. Inataka mikono minne.

Nikaja nyuma ya tangi, nikamsomea bunju maelekezo yote kwa sauti. Nilipofika kwenye mikono minne, nikayarudia.

Kisha kiti kikasogea, na mzee akamwambia bunju kwamba kwake Ibaba wamefuga nguruwe miaka mingi, na kila vitoto vya nguruwe vikizaliwa vilikatwa meno visimng'ate mama yao. Alisema kwa maringo kidogo. Akamaliza kwa kuuliza beseni liko wapi.

Tuliliweka juu ya meza ya sebuleni. Mimi nilijifunika khanga kichwani na kugeuza uso pembeni, naye akatazama dirishani, mpaka tukagundua kwamba hakuna daktari anayefanya kazi hivyo. Tukatazama chini sote, kwenye maji. Bunju alilegea, akalala ubavu. Nikamsogezea mzee kikata kucha, maana mwenye ujuzi ni yeye. Akakisukuma kikarudi kwangu, akachukua kitambaa, akamshika samaki kwa mikono miwili mipana, taratibu sana. Vidole vyetu viligusana majini. Nikakata ncha ya juu, ikatoa sauti kama kucha. Nikakata ya chini. Kidogo tena. Kisha tukamrudisha kwenye maji safi, mzee akimsukuma mbele na nyuma maji yapite kwenye mashavu, na kwa muda bunju alikuwa kitu kilichokufa mikononi mwake. Halafu jicho moja likazunguka. La pili likafuata.

Nikageuka kukimbilia jikoni, kama desturi.

"Mwanangu," mzee alisema, "unatetemeka. Kaa."

Hakumwambia samaki. Niliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Alikuwa analia bila kujificha.

"Mama yenu ndiye alikuwa anakata," alisema. "Vitoto vyote vya nguruwe, yeye. Mimi nilikuwa mshikaji tu. Naye alikuwa anatetemeka hivyohivyo, akimaliza lazima akae."

"Nieleze habari zake, baba," nikasema.

Akanieleza. Alianza na nguruwe, akaenda nyuma mpaka siku alipomwona mara ya kwanza akipanda mlima na mzigo wa ndizi kichwani, akarudi mpaka ugonjwa, mpaka jeneza. Maharage yaliungua jikoni, tukayasikia harufu, na hakuna aliyeinuka. Tuliyala hivyohivyo, meza moja.