Springi Kumi na Moja Juu ya Mkeka

Nililisikia kabla sijaliona. Nilikuwa nimeketi barazani kwa fundi, Pangani ya Kibaha, kikombe cha chai mkononi. Kutoka upande wa barabara kuu ikaja sauti ya injini inayopanda, ikapanda, kisha ikashuka ghafla kama mama anayetua ndoo ya maji. Fundi hakugeuza hata shingo.

"Gia ya nne," alisema. "Mjomba wako huyo anakuja."

Baada ya kitambo gari la bibi likaingia uani, pana kama kitanda cha harusi, rangi yake ya maziwa imechujuka. Mjomba alikuwa amelileta libadilishwe oili tu. Lakini ile sauti ilikuwa imeshanirudisha kwenye umri wa miaka tisa, na bado sijatoka huko, ndiyo maana nakusimulia.

Kwetu ni Masaki, si ile ya Dar yenye maghorofa. Yetu ni ya Kisarawe, ya mihogo, mikorosho na moshi wa mkaa unaoingia mpaka kwenye shuka. Bibi alikuwa akibangua korosho, na mara mbili kwa wiki alizipeleka Kibaha kuuza, akiendesha mwenyewe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba tangu utotoni, hauna nguvu ya kukanyaga klachi. Babu, kabla hajafariki, alizunguka sana kutafuta gari linalojibadilishia gia lenyewe. Alipolipata lilikuwa tayari kuukuu, lakini bibi alilipokea kama mguu mwingine.

Kuchambua korosho nilifundishwa naye. Unakaa mkekani, kwanza unaondoa mbovu, unazitupia kwenye kopo. Kisha kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Mikono yangu ilizoea hata ikawa inachambua kokoto, visoda, chochote kilicholala mbele yangu. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na akajigamba kwa majirani kwamba mke mwenzake ana jicho.

Mwaka ule gari lilianza kuteleza. Bibi akikanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari limekaa pale pale. Mwishowe likagoma kabisa.

"Mama, tufunge gia za mkono," mjomba alisema. "Za namna hiyo zimejaa kila mahali. Hii yako nani anaijua?"

"Na klachi atakanyaga nani? Marehemu baba yako?"

"Nitakuendesha mimi."

Bibi akacheka. "Wewe ninayekutuma kiberiti asubuhi unarudi jioni?"

Alicheka, lakini usiku hakula. Utoto wake wote alibebwa mgongoni. Aliwahi kuniambia kwamba alijua jasho la kila mtu wa ukoo kabla hajajua majina yao. Gia za mkono zikifungwa, angerudi kwenye migongo ya watu.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka Kibaha, kwa fundi huyu huyu, mtu wa kaskazini aliyehamia Pwani akiwa kijana, mchache wa maneno. Ilikuwa likizo, mimi na bibi tukafikia kwa ndugu zetu Maili Moja, na kila asubuhi tukaja kukaa uani kwake. Alipoifungua giaboksi, oili ilitoka nyeusi kama kahawa, inanuka kuungua. Sahani za klachi za ndani yake, zile zinazoshika gia zenyewe bila kukanyagwa, zilikuwa zimebabuka.

"Inafufuka, mama," alisema. "Na nitakuongezea kitu."

Kwenye mabaki ya magari jijini alikuwa ameokota giaboksi ya gari la ukoo huo huo, lakini la miaka ya baadaye, lenye gia ya nne. Wenyewe waliiita ovadraivu: matairi yanakimbia huku injini ikizunguka polepole. Alikusudia kuzifanya mbili kuwa moja, kuongeza sahani za klachi, na kuifungia rejeta yake ndogo ili oili isichemke tena. Nyingine kama ile hakutegemea kuiona.

Uani palikuwa na vumbi, hivyo bibi akatoa mkeka wetu wa korosho, wa ukindu wa rangi rangi. Fundi akapanga kila kitu kama kilivyotoka, kushoto kwenda kulia. Kutoka kwenye kipande kimoja cha bati zito, chenye vijia vingi ndani kama vya mchwa, zilitoka springi kumi na moja. Bibi alikaa kwenye kigoda akitazama moja moja. Hakuwahi kukaa karibu na mkeka asitazame.

Mchana fundi akaenda kula, bibi akasinzia. Mimi nikaketi mkekani. Unajua tayari nilichofanya.

Fundi aliporudi aliutazama mkeka.

"Nani kapanga hivi?"

"Mimi," nikasema, nimejaa fahari. "Nimekuchambulia."

Hakunigombeza. Alichuchumaa, akajishika kichwa. "Mama, amka. Mpangilio ule ndio ulikuwa daftari langu. Sijaandika popote." Springi zilikaribia kufanana, alieleza, na moja tu ikikaa pasipo pake, gia itachelewa kushika, sahani mpya zitaungua kama za kwanza. Na nyingine hakuna.

Bibi akajikokota na mkongojo wake, akaketi chini.

"Hii nyembamba ilikuwa kwenye ukindu mwekundu, karibu na pindo," alisema. "Hii ya rangi ya shaba, kwenye kijani."

Fundi akaiweka pale. Kumbe oili ilikuwa imeacha alama, kimstari cheusi chenye urefu wa springi yenyewe. Ikalingana. Moja baada ya nyingine bibi akazirudisha, na alama zikamkubalia. Zikafika kumi. Kwenye zambarau kikabaki kimstari kifupi, kitupu. Fundi akainua mkeka, akatikisa viatu vyake, akapapasa vumbi.

Bibi akanigeukia taratibu. "Mke mwenzangu, mbovu umeziweka wapi?"

Ilikuwa ndani ya kopo, kando ya jalala, pamoja na vipande vya mpira uliokauka. Springi fupi, iliyopinda kidogo kichwani. Jicho langu lilikuwa limeikataa.

Fundi aliishika kwenye mwanga. "Ndivyo ilivyozaliwa," alisema, na mara ya kwanza nikamsikia akicheka. "Hii ndiyo inayoiita gia ya nne."

Siku tatu baadaye tukatoka kwenda upande wa Mlandizi, bibi kwenye usukani, fundi kando, mimi nyuma nimeuma kanga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Injini ikapanda sauti. Kisha ikashuka.

"Limezima?" bibi akauliza.

"Halijazima, mama. Limepumzika."

Nikalia pale nyuma, machozi mepesi. Pumzi niliyoizuia siku tatu ilitoka yote.

Ule mkeka ulikwisha zamani. Uani kwa fundi leo nusu ni vyumba vya kupangisha, vidole vyake vinatetemeka hata kushika kikombe, na bibi tulimzika Masaki, msimu wa korosho. Hakuna tena anayeniuliza mbovu nimeziweka wapi. Lakini nikisikia ile sauti ikishuka, namwona bibi siku ile tuliporudi uani, mimi na fundi tumeshashuka, mjomba akimsubiri.

"Shuka, mama, nikupeleke nyumbani. Umechoka."

"Nimechoka kukaa," bibi akasema. Akaulaza mkongojo kwenye kiti cha pembeni. "Wewe na mke mwenzangu mtakuja na basi."

Mlango wa gari lile ulikuwa haufungiki mpaka uubamize. Akaubamiza.