Tangawizi Iliyotangulia Maziwa

Kabla sijaeleza siku yenyewe, yafaa nieleze hali ya nyumba yetu ilivyokuwa. Katika miaka ya uhaba, chai kwetu Sumbawanga ilikuwa mchaichai uliotiwa katika maji baridi pamoja na majani machache ya chai, kama yalikuwepo, vikachemka vyote kwa pamoja. Sukari ilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha baada ya sukari. Kisha biashara ikafunguliwa. Madukani zikaonekana iliki na mdalasini, na jirani yetu, mke wa mfanyabiashara kutoka Kirando, akamfundisha mama kupika chai ya maziwa yenye viungo. Maziwa tuliletewa kila asubuhi na familia ya Wasukuma waliochunga ng'ombe nje ya mji.

Desemba ile nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Wakati huohuo shangazi, dada mkubwa wa baba, alifika kutoka Mwimbi. Yeye ndiye aliyemlea baba baada ya wazazi wao kufariki. Mabinti zake wote walikuwa wameolewa, msimu wa kupanda umeanza, naye alikuja kuniomba kwa baba nikakae naye shambani. Baba hakuwa amewahi kumkatalia neno. Nililijua hilo, na mama alilijua.

Mama aliniachia jiko akaenda kumkaribisha mgeni. Kwa mazoea ya mchaichai, nilimimina nusu ya maziwa katika sufuria, nikatia majani, iliki na tangawizi mbichi niliyoiponda, vyote vikiwa baridi, ndipo nikabandika. Maziwa yalipopata moto yakakatika: mabonge meupe huku, maji ya manjano kule. Kwa hofu, nikaichuja chai hiyo na kuipeleka hivyohivyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akaonja. Akakitazama kikombe. "Wifi, haya maziwa yamegombana na nani?"

"Ni mimi, wifi," mama akasema upesi. "Nimezeeka, nasahau."

Hakuwa amekaribia jiko. Mpaka leo namshukuru kwa uongo ule, ingawa sikuweza kuuacha usimame.

"Si mama, ni mimi. Nilitanguliza tangawizi, nikapika kama mchaichai. Tuliambiwa maziwa yachemke kwanza, tangawizi iingie mwisho."

"Na ukipewa maziwa mengine?" shangazi akauliza.

"Yamebaki nusu."

"Basi twende nikaone. Isije ikawa maneno tu."

Alikuja jikoni, akaketi juu ya kigoda, akakunja khanga magotini. Nilichemsha maziwa na majani ya chai mpaka yakapanda mara mbili, nikiyashusha kila yalipotaka kufurika. Nikatia iliki na mdalasini. Mwisho kabisa nikatia tangawizi, nikahesabu pumzi kumi, nikaepua. Maziwa hayakukatika.

Shangazi alikunywa kikombe cha kwanza, akanyosha mkono apewe kingine. Alipomaliza cha pili alimwita baba.

"Mdogo wangu, nilikuja kumchukua huyu."

"Najua, dada. Wewe ukisema, mimi nimekubali."

"Ngoja nimalize, usiwe na haraka kama ulivyokuwa utotoni. Wa kushika jembe nitampata. Huyu anajua alipokosea, na anataka ajue zaidi. Mpeleke shule."

Baba aliinama. Mama alikwenda nje, akadai anaanua nguo, na nguo hazikuwepo kambani kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha.

"Mwacheni alie kidogo," shangazi akasema. "Nimiminie cha tatu."

Nimesoma kwa walimu wengi tangu siku ile, na sidhani kuna aliyenipa zaidi ya alichonipa yeye, ambaye hakujua kusoma na alikuwa na haja ya kweli ya mikono yangu.

Keshokutwa yake alirudi Mwimbi peke yake. Msimu ule alipanda, akapalilia na akavuna ulezi wake bila msaidizi, nami Januari nikaanza kidato cha kwanza.