Nani Atakuwa Shujaa Mzee

Nilikuwa nimetoka Kachibora, ambako msimu mzima nilinunua mahindi na kuyauza Kitale, nikasikia hamu ya nyumbani ghafla, kama njaa. Nikapanda gari hadi Myanga. Uani kwetu nilimkuta binti ya dada yangu amejifunga shuka jekundu mgongoni, amesimama juu ya debe, na wenzake wawili wa chuo cha Kitale wakimpiga filamu kwa simu.

Ilikuwa filamu ya shujaa anayeruka. Tena si shujaa mmoja. Katika kila ulimwengu yupo, ila kwa sura nyingine: kuna mmoja mpole, kuna mmoja mwizi. Hao binti aliwaigiza mwenyewe kwa kubadilisha kilemba. Waliobaki ni shujaa mzee na shujaa mtoto, ambao wangekutana naye mwishoni. Kesho yake asubuhi wangerudi chuoni, na bila hao wawili filamu haikuwa na mwisho.

"Kukhu, si wewe ndiye mimi nikizeeka?" akamwambia mama yangu, bibi yake, aliyekuwa akipepeta maharagwe.

Mama akaweka ungo chini. "Mimi niwe wewe?"

"Ni filamu tu, kukhu."

"Hata kama. Wewe ni mama yangu."

Wenzake wakacheka, wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Msichana huyu alipewa jina la marehemu mama mzazi wa mama yangu, na tangu siku hiyo mama hamwiti vingine. Humwamkia kama mzazi, humtengea kipande kizuri cha kuku, na akimkosea humwomba msamaha.

"Mtoto hakai mahali pa mama yake, na mama yuko hapo anamwangalia," mama akasema, akaokota ungo.

Binti akashuka kwenye debe. Niliona kazi ya likizo nzima ikimponyoka. Halafu akasimama wima.

"Basi wewe uwe yule mtoto."

"Na hizi mvi?"

"Ati mvi! Huo ni ulimwengu ambao watu wanazaliwa nazo."

Mama akafikiri kidogo. Ungo ukasahauliwa. "Huyo mtoto anafanya nini?"

"Anacheza. Halafu anaona mama anayeruka, anamkimbilia."

Sikuwahi kumwona mama yangu akicheza. Nilimkuta duniani tayari ni mtu mzima. Sasa alivua kandambili, akakunja leso hadi magotini, akaruka kamba ya kufungia ng'ombe huku akiimba wimbo nisioujua. Kisha akakimbia, mikono mbele, akamkumbatia yule msichana wa shuka jekundu kiunoni na kucheka mpaka machozi.

"Imeingia!" mwenye simu akapiga kelele.

"Turudie," mama akasema. "Hapo kwa kamba nilijikwaa."

Walirudia hadi akaridhika. Bado mzee hakuwepo. Mama, akihema, akaninyooshea kidole.

"Si huyu hapa? Kwako huyu ni mjukuu, na mjukuu na bibi ni wenza, hakuna mwiko. Na huyu amezurura mpaka amezeeka kabla ya kaka zake."

"Mama, mimi ni mwanamume."

"Katika ulimwengu gani?"

Nikapakwa unga kichwani, nikafungwa leso ya mama, nikapanda juu ya debe.